Mama Stoo na Bunduki Aliyoipunguza Nguvu

Wapo wanaosema Mama Stoo alikuwa mkali. Hao hawakumjua. Mkali ni mtu anayepiga kelele ukimkanyaga mguu, na Mama Stoo hata ungemkanyaga yote miwili asingeinua sauti. Angekutazama tu mpaka uone haya, uondoke mwenyewe. Alichokuwa nacho ni ukaidi. Mimi niliketi ng'ambo ya barabara kutoka kwake karibu miaka yote ile ya sitini, na cherehani yangu kwenye baraza la duka pale Lumino, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Usiniulize alizaliwa wapi wala baba yake aliitwa nani. Wenye ukoo wake watayasema hayo wakitaka. Nilipomkuta alikuwa tayari Mama Stoo, mshika funguo wa stoo ya chama cha wakulima, ile nyumba ndefu ya mabati zilimowekwa mbegu za karanga, wimbi na pamba zikingoja msimu. Hata katekista alipomshukuru mbele ya waumini kwa jogoo aliyemtoa siku ya mavuno, alimtaja hivyo hivyo, Mama Stoo, na hakuna aliyegeuka kuuliza ni nani.

Mimi ndiye niliyemshonea nguo zake, na fundi wa nguo humjua mtu kwa namna yake. Alitaka kitambaa kigumu, rangi isiyoonyesha vumbi, kola ya kufunga hadi shingoni, na mfuko mmoja mkubwa upande wa kulia. Mara ya kwanza nilidhani mfuko ni wa funguo. Funguo alizivaa shingoni. Mfuko ulikuwa wa kopo la risasi, na kila nguo ya Mama Stoo niliyowahi kuirekebisha ilikuwa imeisha upande huo kabla ya pengine popote.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya upepo. Aliachiwa na meneja wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, aliyefungasha vitu na kurudi kwao muda mfupi baada ya uhuru, ambaye kwa miaka aliitumia kupigia njiwa na kujifurahisha. Unaivunja katikati kama unavyovunja muwa, springi iliyomo ndani inajikunja, unatia kirisasi kidogo, unairudisha. Ukifyatua, springi inasukuma upepo na upepo unasukuma kirisasi. Haina baruti wala moshi, na watu waliozoea kusikia habari za bunduki za kweli waliidharau. Lakini kitu kinachoweza kumwangusha njiwa juu ya mti si kitu cha kudharau ndani ya nyumba.

Panya wa stoo ile nao hawakuwa wa mchezo. Walikula mbegu ya mwaka ujao, na mtu asiyelima hawezi kujua uchungu wake. Ukila chakula cha leo unalala njaa leo. Ukiliwa mbegu, unalala njaa mwaka mzima. Mama Stoo alilichukulia jambo hilo kama ugomvi wake binafsi. Paka alikuwa naye mmoja, mnene, aliyelala juu ya magunia na kuwaacha panya wampite. Tulimcheka sana yule paka. Mwenyewe alimtetea, akasema kila stoo ina mfanyakazi kama huyo.

Sasa nieleze habari ya kufagia, kwa kuwa bila hiyo mengine hayaeleweki. Siku ya kupakia lori, nafaka humwagika. Gunia linatoboka, mchukuzi anajikwaa, mizani inatikisika. Desturi ya pale ilikuwa kwamba kilichodondoka kati ya mlango wa stoo na lori ni cha anayefagia, na wanaofagia walikuwa wajane. Hakuna aliyewaandikisha. Walikuja na mafagio yao na nyungo, wakasubiri lori liondoke, wakafagia barabara, ngazi na chini ya kuta, kisha wakapepeta vumbi litoke na wimbi libaki. Anayetoka mbali zaidi alianza, wengine wakafuata. Nimewaona wakigombana kwa mambo mengi, lakini zamu hiyo sikuwahi kuona wakiigombania.

Wiki za mwanzo Mama Stoo aliitumia bunduki kama alivyopewa, na nguvu zake zote. Mchana mmoja, siku ya kufagia, alimlenga panya aliyekuwa anapanda ukutani. Risasi ikampita panya, ikapasua bati lililoliwa na kutu, ikatoka nje, ikamwingia mkononi mjane mmoja wa kijiji cha Masinya aliyekuwa ameinama anafagia chini ya ukuta. Nilimwona akiketi chini taratibu, ameshika mkono, bila hata kulia, akitazama ukuta kana kwamba umemtukana.

Mama Stoo alitoka na bunduki mkononi. Wachukuzi walikwisha kuanza kusema ni jiwe, ni msumari, ni bahati mbaya tu. Yeye akapiga magoti katika vumbi mbele ya yule mjane. "Mimi ndio nimekupiga," akasema. "Sio bahati. Ni mimi."

Mganga wa zahanati aliitafuta risasi akaikosa, akashauri iachwe. Kidonda kikapona juu yake. Ikabaki ndani ya mkono, chini tu ya ngozi, ukiigusa inateleza kama mbegu ya chungwa. Tangu hapo Mama Stoo na yule mjane wakawa marafiki. Urafiki huo haukupendeza kila mtu. Wapo waliodai mjane anamtumia, na wapo waliodai amemroga. Wenyewe waliketi kwenye ngazi za stoo wakila karanga, na mara kwa mara mjane alikunja mkono wa gauni na kumwambia mwenzake aguse, aone kama mtoto amekua. Walicheka kwa hilo. Mimi sikuona cha kucheka, lakini risasi haikuwa katika mkono wangu.

Kesho yake baada ya ajali aliipeleka bunduki kwa fundi wa baiskeli, ambaye banda lake lilikuwa hatua chache kutoka cherehani yangu. Alitaka ipunguzwe nguvu. Fundi alidhani hakusikia vizuri. Maisha yake yote watu wamemletea vitu viongezwe nguvu: breki zikaze, taa iwake zaidi, kiti kibebe gunia la pili. Akamweleza kwamba bunduki haiumwi. Mama Stoo akarudia. Fundi akasema kazi yake ni kuponya, si kuugulisha, halafu nani atamlaumu ikiharibika? Mama Stoo akavuta kigoda chake, akaketi mlangoni mwa banda, njia ya wateja, akakaa. Jua lilipofika juu fundi alichukua msumeno wa chuma.

Nilijifunza siku ile kwamba kupunguza nguvu ni kazi ngumu kuliko kuongeza. Walitoa springi, ndefu kama mkono wa mtoto, wakakata mzunguko mmoja, wakairudisha, wakajaribu kwa kopo la samli lililowekwa mbali kama urefu wa kitanda. Kopo likatoboka. Wakakata tena. Likatoboka kidogo. Wakakata tena, fundi akanoa ile ncha ili isikwaruze ndani, na mara hii kopo likabonyea bila kutoboka. Fundi akataka kuendelea, maana sasa kazi ilikuwa imemnogea. Mama Stoo akamzuia. Ikizidi hapo, alisema, panya ataumia asife, na panya hana kosa la kufa mara mbili.

Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yake: isimwache panya na uhai, isimpite panya. Baada ya hapo hakuruhusu tone la mafuta lisilohitajika liingie mle. Mchukuzi mmoja mwenye huruma aliwahi kuipaka mafuta ya taa ndani akidhani anaisafisha, na ilipofyatuliwa upepo uliobanwa uliyawasha mafuta, ikalia kama bunduki ya kweli na kutoa moshi, paka akahama stoo siku nzima. Mama Stoo aliifungua, akaifuta kwa tambara mpaka ikakauka, na yule mchukuzi akakatazwa hata kuitazama.

Wanaume walifurahi kupata cha kusema. Waliiita bunduki iliyohasiwa. Walipopita wakitoka kunywa pombe ya malwa walimwuliza kama inataga mayai. Fundi wa baiskeli, kwa kujitetea, alieleza kila mteja kwamba yeye alikataa lakini alilazimishwa. Mama Stoo aliwapita tu na funguo zake. Ni mimi niliyemwuliza siku moja, nikimpima kiuno, kama maneno hayo hayamkeri.

"Bunduki ikipungua nguvu, mtu anaongeza kusubiri," akaniambia. "Wao hawawezi kusubiri, dada Fundi. Ndio maana wanataka nguvu."

Na kusubiri kwake nilikuona kwa macho. Kwa kuwa bunduki haikuwa tena na uwezo wa mbali, ilimbidi panya amkaribie, kama mtu na mtu wanaosalimiana. Wakati wa chakula cha mchana, wachukuzi wakiwa wameondoka na stoo imetulia, aliketi juu ya sanduku lililopinduliwa, mgongo ukutani, bunduki magotini, na mbele yake kichwa cha dagaa. Hakukohoa wala hakufukuza nzi. Nilimpelekea uji mara moja nikasimama mlangoni muda mrefu kabla ya kumwona, ingawa nilikuwa namtazama. Kisha "pu", sauti ndogo ya mtu anayetema mbegu ya papai, na panya amelala. Alimzika nyuma ya stoo kwa jembe dogo. Hakuwatupa panya wake barabarani kama walivyofanya wengine.

Mtu huyo huyo hakuweza kuchinja kuku. Nitaapa kwa hilo. Sikukuu ikifika alimleta kuku kwangu amemkumbatia, akamweka chini, akageuka akaenda zake mpaka amsikie kimya. Mitego ya panya aliichukia kwa sababu inavunja mguu na kumwacha mnyama analia. Sumu aliichukia zaidi, maana panya aliyekula sumu hafi alipoilia. Anatembea, anakwenda kufia kwenye kisima cha mtu, analiwa na kuku wa mtu. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa na hakuwahi kuupata wimbo hata mmoja, na mwalimu wa kwaya alipomwomba kwa upole apunguze kidogo, alimjibu kwamba yeye anapunguza vitu vinavyoumiza. Kiberiti alikuwa mchoyo nacho kupita kiasi. Ungemwomba njiti moja, angekuletea kaa la moto kwenye kigae. Lakini wajane walipokosa cha kufagia, alitikisa magunia matupu mlangoni, moja baada ya jingine, mpaka ungo upate kitu.

Mbuzi na kuku wanaoingia stoo aliwapiga pia, ila kwa muhogo. Alikata kipande kibichi, akakichoma kwa mdomo wa mtutu ili kipande kidogo kibaki ndani, akafyatua. Mbuzi anashtuka kuliko anavyoumia. Mbuzi aliyepigwa mara nyingi zaidi alikuwa wa Mwenyekiti, na sisemi kwamba ilikuwa kwa bahati mbaya.

Mwenyekiti wa chama alikuwa mtu wa viatu. Viatu vyake vya kahawia vilitoka Tororo, vilipigwa rangi kila asubuhi, na alikaa kwenye mikutano amenyoosha mguu mmoja mbele ili vionekane. Sikumchukia mwanzoni. Alisoma, aliongea vizuri, alitusaidia kupata mbegu nzuri. Ila alipenda methali moja kupita zote, mwenye nguvu mpishe, na alipoitoa alikuwa daima anajisemea yeye.

Msimu mmoja magunia yalianza kufika Tororo yakiwa mapungufu. Wanachama wakanung'unika. Mwenyekiti akatafuta wa kulaumiwa, akawapata haraka, maana walikuwa pale pale mlangoni na mafagio yao. Akadai wajane wanachoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye tundu cha kuchotea nafaka, ili zimwagike zaidi. Haba na haba, akasema, hujaza kibaba. Mimi sisemi nani aliiba. Nasema tu kwamba lori la chama lilikuwa na desturi ya kulala Busia karibu na mpaka kabla ya kuendelea Tororo, na kila mtu wa upande wetu anajua kwa nini lori likilala mpakani huamka jepesi. Mama Stoo alilisema jambo hilo kwenye kamati. Hakuna aliyemsikiliza, au tuseme wote walimsikia.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoikumbuka bunduki. Akamwambia Mama Stoo kazi yake sasa si panya tu. Siku za kupakia aketi mlangoni, na anayesogelea magunia ampige miguuni. Na bunduki irudishiwe nguvu zake, kwa sababu wajane hawatamwogopa mtu mwenye bunduki ya muhogo. Mama Stoo akakataa. Akapewa muda wa kufikiri. Akasema amekwisha kufikiri, muda wampe mwingine. Mwenyekiti akaitisha mkutano wa wanachama wote.

Nilikuwapo, kwa kuwa nililima karanga na nilikuwa mwanachama kama wengine. Tuliketi juu ya magunia, ndani ya stoo. Milango ilikuwa wazi, na nje wajane walisimama na nyungo zao, na mjane wa Masinya mbele yao. Kila mmoja alijua kinachopimwa. Nyumba aliyolala Mama Stoo ilikuwa chumba cha nyuma cha stoo. Shamba hakuwa nalo. Akinyang'anywa funguo, hana kazi wala pa kulala.

Mwenyekiti alikuwa na meza. Juu yake aliweka springi mpya, imefungwa katika karatasi ya mafuta, ameinunua Tororo. Akaifungua polepole ili tuione. Ilikuwa nzuri, nene, inang'aa. Fundi wa baiskeli alikuwa ameitwa na zana zake, amekaa pembeni anatazama vidole vyake. Mwenyekiti akaeleza kwa sauti ya upole kwamba chama hakina ugomvi na Mama Stoo. Fundi atie springi hii hapa hapa, mbele ya watu, au Mama Stoo aweke funguo mezani.

"Mama, hii ni bunduki ya upepo tu," akasema. "Haiui mtu. Piga miguu tu, wataacha."

Mama Stoo alikuwa amesimama. Alitia mkono kwenye ule mfuko wa kulia niliomshonea, akatoa kopo, akachagua kirisasi. Akaivunja bunduki, akakitia, akairudisha. Alifanya yote kwa utulivu ule ule wa kungoja panya.

"Wewe unasema miguu tu," akasema.

"Miguu tu."

"Na hii yangu iko dhaifu. Haina springi ya wewe. Basi leta mguu, tujaribu na hii dhaifu kwanza."

Watu wachache wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka. Mama Stoo hakucheka, wala hakuinua bunduki. Mtutu ulielekea sakafuni, naye akangoja. Kicheko kikaisha. Nikamsikia yule paka akijikuna. Na ndipo, bila Mwenyekiti mwenyewe kujua nadhani, kiatu cha kahawia kikaanza kurudi nyuma. Kilirudi kidogo, kikarudi tena, mpaka kikaingia chini ya kiti. Sote tulikiona. Wajane walikiona kutoka mlangoni.

"Huyu anajua iko na maumivu," Mama Stoo akatuambia sisi, si yeye. "Mama wa Masinya anajua, ameibeba kwa mkono. Mimi najua, kwa sababu nimempiga. Sasa ninyi mnataka niongeze nguvu?"

Laiti ningekuambia kwamba tulisimama wote tukasema hapana. Hatukusimama. Watu walikuwa na mbegu ndani ya stoo ile na Mwenyekiti ndiye aliyegawa mbegu. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akauliza kama jambo hili haliwezi kungoja mkutano mwingine. Nikikumbuka, hasira inanipanda hadi leo, na sijui ni ya nani zaidi, yake Mwenyekiti au yetu.

Mama Stoo hakutungoja. Alivua funguo shingoni akaziweka mezani. Akaitoa risasi kwenye bunduki, akairudisha kwenye kopo. Kisha akachukua ile springi mpya, akaifunga tena katika karatasi yake, akaitia mfukoni.

Mwenyekiti akamwambia hiyo ni mali ya chama.

"Najua," akasema. "Naichukua usije ukampa mwingine."

Akatoka nayo, bunduki yake begani, na hakuna mkono ulionyooshwa kumzuia. Vitu vyake havikuwa vingi: kitanda, sanduku, sufuria, jembe dogo. Wajane waliingia chumba cha nyuma wakavitoa, wakavibeba vichwani, wakapita navyo katikati ya Lumino mchana kweupe, msururu mrefu kuliko wa arusi nyingi. Walipita mbele ya baraza langu. Mjane wa Masinya alibeba kitanda kwa mkono ule ule wenye risasi. Nilisimama, na hilo ndilo pekee nililofanya.

Mshika funguo aliyefuata alitumia sumu. Kuku wakafa, wa kwangu wakiwemo, na kisima cha jirani kikanuka. Akajenga ua wa miiba kuzunguka mahali pa kufagia. Magunia yakaendelea kufika Tororo mapungufu, kwa kuwa ua haukufika Busia. Wajane wakaacha kuja. Hayo sitayapamba. Mama Stoo alishindwa, kama kushindwa ni kunyang'anywa. Ila kwenye mikutano yote iliyofuata Mwenyekiti alikaa na miguu chini ya kiti, na kila alipoanza kusema mwenye nguvu mpishe, kuna mtu nyuma aliyetema mbegu ya papai.

Mama Stoo nilimwona tena miaka ile ya sitini ilipokuwa inakwisha. Nilisikia wanaishi wawili Masinya, yeye na yule mjane, kwenye kiwanja cha mjane. Nikafunga kitambaa kigumu kisichoonyesha vumbi, nikaenda.

Boma lilifagiwa vizuri, kama ungetegemea. "Mulembe," nikaita kwa salamu ya huko, na mlango ukafunguliwa. Nilipoingia ulijifunga nyuma yangu kwa kishindo kilichonirusha. Mama Stoo alikuwa ameketi jikoni anachambua wimbi, amekonda, jicho moja limeanza ukungu. Akaniomba radhi kwa mlango. Hapa mbuzi ni wengi, akasema, na yeye sasa haoni vizuri kuwapiga na muhogo.

Tukaongea ya watu. Nikampima; kifua kimepungua, mabega yale yale. Mfuko, nikamwuliza, bado kulia? Bado kulia, akasema, ila mdogo, sasa ni wa ugoro. Mjane akakunja mkono akanionyesha mbegu yake ya chungwa, na mimi kwa mara ya kwanza nikaigusa. Iliteleza. Nikajikuta nacheka nao.

Ndipo askari wa gombolola, tarafa yetu, akapiga hodi. Kijana nadhifu, kaptula imenyooshwa. Wakati ule watu wote wenye bunduki walitakiwa kuzionyesha, na nikaona mara moja kwamba mtu wa Lumino alikuwa ametaja jina la bibi mmoja wa Masinya. Aliingia akainama kwa adabu, akasalimia wazee, kisha akasema alilotumwa.

"Mama, tumesikia uko na bunduki."

"Iko," Mama Stoo akajibu bila kuacha wimbi lake.

"Basi nionyeshe."

Akanyoosha mkono kando ya mafiga, akaokota bomba la chuma lililokuwa limeegemea majivu, jeusi kwa masizi upande mmoja, akampa. Ulikuwa ule mtutu. Kitako chake nilikuwa nimekikalia tangu nilipofika, kimetiwa miguu kikawa kigoda. Askari aliugeuza mtutu mikononi, akauchungulia.

"Na ndani yake? Springi?"

"Ile ya kwanza nilikata mpaka ikaisha." Akamwonyesha moto uliokuwa unafifia chini ya sufuria ya chai. "Puliza, mwanangu. Uone kama bado iko na nguvu."

Kijana alitutazama sisi wanawake watatu. Nadhani alifikiri juu ya kaptula yake. Kisha akachuchumaa, akatia mtutu mdomoni, akapuliza. Moshi ukamwingia machoni, akakohoa, akapuliza tena, na moto ukawaka. Chai ilipochemka Mama Stoo akammiminia kikombe cha kwanza, akamwambia akaripoti alichokiona, asiongeze wala asipunguze.

Akanywa yote, akashukuru, akatoka akijifuta macho. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa nguvu zote za springi ya Mwenyekiti.